Paneli ya Wakfu ya Bwana Sefu

Wanjiru, mhandisi aliyeshika nafasi yangu, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi maneno machache ya kuwafaa. Anasema mimi sasa nina wakati. Wakati ninao kweli. Naamka alfajiri, naswali, naweka chai jikoni, na kabla haijachemka najikuta nimeshavaa viatu vya kazi. Mjukuu wangu ananicheka, navivua, navirudisha nyuma ya mlango, na kesho yake tena ni vile vile. Basi nitaandika. Lakini mkitaraji habari za vyeo na mishahara, mtafuteni mtu mwengine. Vyeo nilivyopewa vilikuja na kiti, na mimi kazi yangu yote nilikuwa nimesimama.

Siku ya kwanza nilifika kituo cha umeme cha Amu, mji ambao nyinyi mwauita Lamu, nikidhani nimeajiriwa kuandika. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hati nzuri, na marehemu baba alikuwa ametangulia kuwaambia watu msikitini kuwa binti yake Zuhura atakaa ofisini chini ya feni. Ofisi ilikuwepo. Feni nayo ilikuwepo juu ya meza, ila haikuzunguka, na feni isiyozunguka ndani ya kituo cha umeme ni jambo la kumtia mtu wasiwasi. Nikauliza. Nikaambiwa fundi mkuu ana mashine tatu za dizeli za kuangalia na hana muda wa kupepea watu.

Fundi mkuu mwenyewe alikuwa Bwana Sefu, mtu wa Pate, mrefu, mkavu, kofia yake ya kufuma kwa mkono imelowa mafuta hata nakshi hazionekani. Alinitazama kuanzia buibui hadi makubadhi. Sikuwahi kumwona mwanamke mwengine pale, na nadhani na yeye pia.

"Ndoo, Bi Zuhura," akaniita nije. "Weka mkono hapa."

Hapa palikuwa ni ukuta wa banda la mashine, upande wa nje. Nikaweka kiganja.

"Wasikia?"

"Nasikia kelele."

"Kelele ni ya masikio. Nakuuliza mkono."

Nikakandamiza kiganja. Baada ya kitambo nikausikia mtetemo, mmoja mzito unaokwenda sawa, na ndani yake mwengine mdogo unaokatika-katika. Nikamwambia kuna kimoja kinakwenda chopi, kama mtu anayechechemea. Hakunisifu. Aliingia ndani, akafungua mashine ya katikati, akakuta pua ya kurushia mafuta imeziba. Alipotoka akanipa tambara nimshikie, na hapo ndipo nilipojua kuwa kazi ya kuandika nimeikosa.

Sababu ya kuajiri mwanamke niliifahamu wiki ile ile. Nyumba za zamani za Amu nyinyi mnazijua: unaingia daka la mlangoni, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu misana, vile vyumba virefu, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo unavyozidi kuingia kwa wanawake. Mita zilifungwa ndani kabisa, sijui kwa hekima ya nani. Wasomaji mita walikuwa wanaume. Walisimama dakani wakapiga hodi, wakajibiwa kwamba mwenye nyumba hayupo, wakaandika makisio na kuondoka. Kulikuwa na nyumba ambazo hazijasomwa mita tangu ifungwe. Mimi niliingia, nikakaribishwa, nikakunywa kahawa, nikasoma mita, na nikatoka najua nani anaoa na nani karudi kwao. Hilo la pili halikuandikwa popote.

Nilisoma mita asubuhi, na mchana nikarudi bandani kwa Bwana Sefu. Alinifundisha kwa maneno machache na mengi yao yalikuwa ya kunikera. "Wakaza skrubu au wainyonga?" Spana zake alizizungushia vitambaa vya leso kuukuu ili zisiteleze kwa jasho, na moja, namba kumi na tatu, alinipa mimi kabisa. Kitambaa chake kilikuwa chekundu. Nilikibadilisha mara nyingi, spana sikuibadilisha.

Dizeli ilikuja kwa mapipa, kwa chombo, na bahari ikichafuka haikuja. Mji unangoja pipa. Na bei yake ilikuwa haitupigi hodi: watu wapigane nchi za mbali ambazo sisi hatujui hata zilipo, mwezi ufuatao bili inapanda Amu, mji ambao usafiri wake ni punda. Wazee walinisimamisha njiani wakanidai maelezo kana kwamba vita nimevianzisha mimi.

Ndipo paneli za jua zikaanza kuja, kwanza Shela, kwenye nyumba za wageni, kwa kuwa wenye nyumba hizo waliweza kutoa pesa yote mara moja. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Kisha zikafika Amu mjini, na zikatuletea kesi ambayo nadhani haijapata kutokea kituo kingine chochote. Fundi mmoja alipanda dari, lile paa letu la bapa, kwenye nyumba ya mtaa wa Mkomani kufunga paneli, akainua kichwa, na dari ya pili akamkuta bibi wa jirani na binti zake wamekaa vichwa wazi wanasukana. Alikuwa hajashuka ngazi, wazee wa mtaa washafika mlangoni. Paneli ilikaa chini uani muda mrefu ikanyewa na kuku.

Basi nikapandishwa mimi. Nilikuwa na kanuni yangu: kabla kichwa hakijatokeza, nagonga ukingo wa dari kwa spana namba kumi na tatu, napiga hodi, kisha nangoja. Nikijibiwa karibu, napanda. Nisipojibiwa, nangoja tena. Watu wa kitengo cha mipango walilalamika kuwa Bi Zuhura anachukua siku nzima kwa paneli mbili. Kweli nilichukua. Lakini hakuna dari Amu niliyofukuzwa, na chai niliyopewa kupitia kuta za dari ni nyingi kuliko ya ofisini. Nazikumbuka dari zile hadi moyo unauma. Upepo, harufu ya samaki wa kukausha, wanawake wanaongea kutoka nyumba hadi nyumba bila kuteremka chini. Sasa magoti hayanipandishi ila dari yangu tu.

Bwana Sefu hakuzipenda paneli. "Yua halina fundi," alisema, maana watu wa Pate jua huliita yua. "Kitu kisichotetemeka utakijuaje kama kigonjwa?" Nikimwambia dunia inachafuka hewa, mvua zinapotea, alikuwa na jibu lake tayari kuhusu nchi tajiri. "Wao wamekula, wamenawa, sasa watwambia sisi tufunge." Miaka ile mjini maneno yalikuwa ni ya makaa ya mawe, kwamba patajengwa mtambo mkubwa bara, na kila daka lilikuwa na bunge lake. Mkulima mmoja wa Kililana alikuja kituoni kuuliza kama moshi utaharibu mikorosho yake, na yeye Bwana Sefu, mtu wa mashine, akaendelea kufuta spana. Baadaye akaniambia kuwa kisima cha babake kule Pate kimeanza kuwa na chumvi, bahari inakisogelea. "Na hilo nalo, nimlaumu nani?" Hakupenda kubishana tena baada ya hapo.

Laini ya umeme wa gridi ilipofika kutoka bara, mashine zetu zikaamriwa zizimwe. Sikilizeni jinsi alivyoizima ya mwisho, maana nitaihitaji mbele. Aliondoa mzigo kwanza, yaani aliikata isilishe mji tena. Akaiacha izunguke bure, taratibu, mpaka ipoe. Akatoka nje, akaweka kiganja ukutani, akasema Bismillahi, kisha akaashiria kwa mkono mwengine izimwe. Mjini taa hazikupepesa hata kidogo, gridi ilikuwa imeshabeba. Waliotoka majumbani ni majirani wa kituo, wakiulizana kuna nini, maana kimya kile hawakukizoea.

Nikasimama kando yake. "Wasikia?" nikamwuliza, nikidhani nafanya utani wetu.

"Sisikii kitu," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka wala hakuyafuta.

Alirudi kwao Pate. Mimi nikabaki na kituo ambacho kazi yake ilikuwa swichi na makaratasi, na kwa mara ya kwanza nikatamani ile kazi ya kuandika, ambayo sasa ndiyo ilikuwa imenifika, ingekuwa kweli imenipita. Namba kumi na tatu ilikaa mkobani. Kuna siku nilikwenda kuweka mkono ukutani peke yangu, kama mjinga.

Gridi haikuvuka bahari kufika kisiwa cha Pate. Kule walikuwa na jenereta moja ya mtu binafsi, inayowashwa magharibi na kuzimwa apendapo yeye. Ukaja mpango wa kujenga kituo kidogo cha jua nje ya mji, paneli shambani, betri bandani, nyaya hadi majumbani. Nilitumwa mimi kwa kuwa najulikana na sitafukuzwa.

Kwenye mkutano alikuja mgeni kutoka benki. Alisema vizuri: jua ndio umeme rahisi kuliko wote duniani siku hizi. Bi mmoja mtu mzima akauliza, ikiwa ni rahisi, mbona bei aliyoitaja yashinda ya jenereta? Mgeni akaeleza riba, akaeleza hatari ya nchi, akaeleza mtaji. Maana yake, nikiyatoa maji, ni haya: paneli ni ile ile iuzwayo Ulaya, na jua letu ni kali kuliko lao, lakini pesa ya kununulia tunaikopa kwa riba kubwa kwa kuwa wanaogopa hatutalipa. Dizeli waweza kuinunua kidogo kidogo ukiwa maskini. Jua lazima ulinunue lote siku moja, la miaka yote ijayo. Mkutano ulikuwa unamtazama mgeni kama wanaomsubiri amalize.

Nyuma kabisa akainuka Bwana Sefu. Nilikuwa sijui kama yupo. Amekonda, kofia safi.

"Anasema hivi," akasema. "Dizeli ni kununua nazi mojamoja sokoni. Yua ni kununua mnazi."

Watu wote wakageuka, na mara nikasikia minong'ono ya watu walioelewa. Kwa sababu Pate mnazi ni kitu chenye sheria zake. Waweza kumiliki mnazi kwenye shamba lisilo lako. Ardhi ya Fulani, mti wako, matunda yako, na ukifa wanao wanarithi mti. Akainuka mwengine akauliza, je, na sisi hatuwezi kununua paneli mojamoja, kila nyumba mti wake? Mgeni alisema hilo halijafanywa popote. Wakamwambia minazi ipo tangu zamani, aende akaitazame.

Ikafanywa. Aliyeweza alinunua paneli nzima, wengine walishirikiana, na kwa kuwa wenyewe waliweka chao, kampuni iliyojenga kituo ilikopa kidogo na bei ikashuka. Nyuma ya kila paneli tuliandika jina la mwenyewe kwa rangi. Bwana Sefu alinunua ya pembeni, karibu na mnazi wake. "Sinunui kwa kuipenda," akaniambia. "Nanunua nisiitwe bahili." Lakini kila nikivuka kwenda Pate nilimkuta ameshaifuta vumbi.

Sasa hili ndilo ambalo wataalamu wa mikutano hawakuwahi kuniuliza. Ukiwapa watu paneli kama mnazi, wataifanyia yote wayafanyayo kwa mnazi. Ilipofika mirathi ya mzee wa kwanza aliyefariki, paneli yake iligawanywa mafungu, watoto wa kiume na wa kike, na mke akiwa na fungu lake, wakaja kuniomba niwaonyeshe fungu la kila mmoja liko wapi kwenye kioo. Kisha Bi Mwanaheri, mjane, kwa ridhaa ya warithi wenzake, akatoa ya marehemu mumewe wakfu kwa msikiti. Vizuri. Wiki ya pili akaja ofisi yetu ya Pate amekasirika.

"Bi Zuhura, umeme wa mume wangu nasikia unaingia kwenye televisheni ya mpira."

Nikamweleza kuwa umeme wote huingia betri moja, hautambulikani. Hakukubali. Alitaka waya wake peke yake, kutoka paneli ya mumewe hadi taa ya msikitini. Na nyuma yake walikuwepo wengine wanaongoja kutoa wakfu, wakitaka kujua hukumu. Nilikuwa nimeshashika kichwa. Tukaenda kwa Mwalimu Twalibu, imamu wa msikiti ule, ambaye alitupeleka mpaka kwenye birika la msikiti.

"Maji haya," akamwambia Bi Mwanaheri, "yametiwa na nani?"

"Na kila mtu."

"Na wewe ukitia ndoo yako, utaijua ni ipi?"

"Mola ataijua."

"Basi na umeme mwachie yeye yeye."

Bi Mwanaheri akaridhika, na mimi nikaepukana na kuvuta nyaya za marehemu kijiji kizima. Miaka iliyofuata paneli za wakfu ziliongezeka hata zikawa safu nzima ya mbele. Sikuona madhara yake. Hakuna aliyeona. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, hauondoshwi, na sisi tulikuwa tumeifunga safu ya mbele kwa vitu vya kutoondoshwa, ilhali paneli ni kioo na waya na ina umri wake kama mimi.

Bwana Sefu alipougua aliniita. Nilimkuta kitandani, mkono wake uko kwenye ukuta, sijui kwa mazoea au kwa kutafuta kitu.

"Ile paneli nimeitoa wakfu," akasema. "Msimamizi wake ni wewe. Nimeshamwambia Mwalimu."

"Wewe uliyesema jua halina fundi?"

"Nalisema." Akanigeukia. "Bi Zuhura, mashine niliizima kwa mkono wangu. Hii sitaki izimwe na mtu. Niahidi."

Nikamwahidi. Mtu akikuomba hivyo huanzi kumsomesha mambo ya umri wa vioo. Alifariki siku ambayo maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa, na boti haikuweza kuvuka mapema. Nilipofika Pate walikuwa wameshatoka makaburini, wanapiga vumbi kanzu. Nikaenda shambani nikaifuta paneli yake kwa ushungi wangu, kwa kuwa sikuwa na jengine la kumfanyia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndio aliokuja Wanjiru, kutoka Nyeri huko bara, anasema haraka na anatembea haraka, na mwanzo alikuwa ananiita Mama Zuhura hadi nikamwambia huku tuna Bi. Betri za Pate zilikuwa zimechoka. Zilianza kukata taa kabla ya isha. Watu walishaanza kumtazama tena yule mwenye jenereta, na yeye alishaanza kuifuta. Ikapatikana bahati: mfuko mmoja wa kimataifa wa mambo ya tabianchi ulikubali kutoa mkopo nafuu, betri mpya na paneli mpya. Sharti lao moja, mtambo wote uwe mpya, za zamani ziondoke zote. Pate wasipokubali, kuna kijiji kingine kinangoja.

Wanjiru akapima safu ya mbele akaja kunionyesha. Paneli ya Bwana Sefu ilikuwa imepasuka. Nazi ya mnazi wake mwenyewe iliiangukia pembeni, na tangu hapo maji ya chumvi yakaingia, kioo kimegeuka rangi ya chai.

"Bi Zuhura, hii moja inarudisha wengine nyuma," akasema. "Zimefungwa mstari mmoja. Ni kama watu wameshikana mikono wanavuka mto, yule amechoka ndiye anaamua mwendo. Safu nzima inatoa kidogo sababu yake."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeliona hilo kabla yake, nikawa napita njia nyingine ili nisilione.

Watu wa Pate walikataa. Wakfu haubanduliwi. Wakasema hata hivyo, msimamizi wa ile iliyopasuka ni Bi Zuhura, yeye ndiye atakayeonyesha njia. Akiikubali ya kwake iondoke, na wao watamwuliza Mwalimu kuhusu zao. Akikataa, basi. Yaani taa za Pate zote, na friji ya dawa ya zahanati, na misumeno ya mafundi seremala, vilikuwa vinaningojea mimi nivunje ahadi niliyompa marehemu. Nilimkasirikia Wanjiru kwa kusema kweli. Nilimkasirikia Bwana Sefu zaidi, kwa kuniomba.

Mwalimu Twalibu, sasa mzee na macho hayaoni vyema, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mkeka wa msikiti ukichakaa," akasema, "watu hawaswali juu ya matambara kwa ajili ya jina la aliyeutoa. Hununuliwa mwengine kwa niya yake, na thawabu zake hazikatiki. Jina lake liandike kwenye paneli mpya. Ile ya zamani haina kazi tena, ichukue."

"Nilimwahidi haitazimwa, Mwalimu."

"Hilo la ahadi si la sheria, mwanangu. Hilo ni lako."

Kwa hiyo sheria ilikuwa upande wa Wanjiru. Nikamwambia kwamba sitaki mwengine aiguse, nitaibandua mimi. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Tulikwenda asubuhi, jua limeshapanda, watu wa Pate wamesimama pembezoni mwa shamba, Bi Mwanaheri mbele yao ameshika mkongojo.

Nikaondoa mzigo kwanza, safu yote. Nikangoja. Hakuna kilichokuwa kinazunguka, lakini nikangoja kama kwamba kipo. Nikaweka kiganja kwenye kioo, nikasema Bismillahi, nikatoa namba kumi na tatu. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu na nilitumia nguvu ambazo daktari alishanikataza. Wanjiru akanyoosha blanketi.

"Tuifunike kwanza," akasema. "Jua likiwaka hivi bado ina moto, itakupiga."

Sikuifunika. Nyinyi msifanye kama mimi, zifunikeni, ni kanuni na ina sababu yake. Mimi sikuweza kumfunika.

Nikatenganisha waya. Nikailaza mchangani uso juu. Hapo ndipo Wanjiru, kwa mazoea tu, akachukua kipimo akagusisha ncha zake mbili, akatazama, akagusisha tena.

"Bado inasukuma umeme," akasema. "Karibu kama mpya. Wingi ndio hakuna, lakini kusukuma inasukuma. Hii kitu haizimwi?"

Nilikuwa najua. Kazi yangu yote nilikuwa najua, nimewafundisha wangapi kwamba paneli haina swichi, ukiikata waya inaendelea tu maadamu jua laiona. Lakini siku ile nililisikia kana kwamba naambiwa mara ya kwanza. Nikakaa chini pale mchangani, mbele za watu, nikalia, kisha nikacheka, na Bi Mwanaheri akaja kunipiga mgongoni kwa mkongojo taratibu akiniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Nikamwambia haizimwi, mama, hata mtu akitaka.

Paneli mpya zimefungwa. Yenye jina la Bwana Sefu iko pembeni pale pale, ila mnazi wake tumeuangua nazi zote kwanza, na hilo nawaachieni kama nasaha ya kazi: mnapochagua mahali, tazameni juu. Taa za Pate hazikati tena kabla ya isha. Yule bwana wa jenereta ameiuza.

Ile iliyopasuka niliivusha mwenyewe kwa boti, nikaipandisha kwenye dari yangu hapa Amu. Niligonga ukingo, nikapiga hodi, jirani akajibu karibu. Nguvu yake haifiki mbali. Nimeitafutia feni ndogo, nikaifunga kwenye ukuta wa chumbani kwangu, bila betri, waya moja kwa moja, na inazunguka. Baba alitaka nikae chini ya feni, basi nimekaa.

Feni ile ina mtetemo. Ni mdogo, unakwenda chopi kidogo, najua ni bushi yake moja, ile pete ya ndani, imelika, na ningeweza kuirekebisha kwa dakika chache. Siirekebishi. Mchana wote nikipita naweka kiganja ukutani. Jua likianza kuzama unapungua, unapungua, hadi feni inasimama. Mkono wangu hubaki pale kidogo, kisha naenda kutia udhu.